Stephanie Kwolek: mwanamke aliyekataa kumwaga maji yenye ukungu

Leo naomba tuweke programu kando kidogo tuzungumze kuhusu kemia. Najua wengi wetu tuliiaga kemia siku ya mtihani wa kidato cha nne na hatukutaka kusikia habari zake tena. Mimi pia nilikuwa hivyo. Lakini nivumilie kidogo, kwa sababu hadithi ya leo inaishia ndani ya waya ambao huenda ndio uliokuletea ukurasa huu.

Ukipata waya mfupi wa faiba ulioharibika, wa aina ile ya manjano inayounganisha vifaa kwenye chumba cha seva, uchune ganda lake la nje taratibu. Katikati utakuta uzi wa kioo wenye kipenyo cha milimita 0.125, umevikwa plastiki. Huo ndio unaobeba mwanga, na mwanga ndio unaobeba data. Kuuzunguka utakuta kitita cha nyuzi laini za manjano, mfano wa nywele za mahindi. Ukiziona mara ya kwanza utadhani ni pamba ya kujazia tu. Hebu jaribu kuzikata kwa mkasi wa ofisini. Zitateleza, zitajikunja, zitakataa. Fundi wa faiba hutembea na mkasi maalumu kwa ajili ya nyuzi hizo.

Kazi yake ni kuvutwa kwa niaba ya kioo. Uzi wa kioo hauna shida kupitisha mwanga, lakini ukiuvuta kwa nguvu unakatika. Nyuzi za manjano hazinyooki kirahisi, kwa hiyo mtu akikanyaga waya au akiuvuta, nguvu inaishia kwenye nyuzi kabla ya kufika kwenye kioo. Tunapenda kusifu nyaya za baharini, TEAMS na SEACOM, zilizofika Mombasa mwaka 2009, na ni haki yake. Hizo hulindwa kwa chuma. Lakini nyaya nyingi za faiba zinazoning'inia kwenye nguzo, na zile fupi za ndani ya jengo, huwezi kuzifunga chuma. Huko ndiko nyuzi za manjano zinakofanya kazi.

Nyuzi hizo ni za jamii iitwayo aramidi, na jina maarufu zaidi katika jamii hiyo ni Kevlar. Aliyefungua njia ya kuipata ni mwanamke aliyekusudia kufanya kazi ya kemia kwa muda tu halafu aondoke. Jina lake Stephanie Kwolek.

Kabla ya kumfikia yeye, tuelewane kwanza kuhusu polima. Polima ni molekuli ndefu sana iliyotengenezwa kwa kuunganisha molekuli ndogo, moja baada ya nyingine, mamia au maelfu. Sisi watu wa programu tuna mfano wake: orodha ambayo kila kipande kimeshika mkono wa kipande kinachofuata. Leo mwanafunzi wa sekondari anafundishwa hivyo bila mjadala, lakini Mjerumani Hermann Staudinger alipoandika wazo hilo mwaka 1920, wanakemia wengi wakubwa walimpinga. Waliamini mpira na selulosi ni marundo ya molekuli ndogo zilizokumbatiana tu. Staudinger alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1953, akiwa mzee wa miaka 72.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, Mmarekani Wallace Carothers aliamua kuitengeneza minyororo hiyo kwa mikono yake katika kampuni ya DuPont. Mwaka 1935 kikundi chake kilipata naironi. Soksi za naironi zilipoingia madukani Marekani mwaka 1940, wanawake walizigombania. Carothers mwenyewe hakuyaona hayo. Alikuwa amejiua mwaka 1937, akiwa na miaka 41. Kampuni ilibaki na somo moja: ukimpa mwanakemia maabara na muda, anaweza kukuletea kitu ambacho hakikuwepo duniani.

Katika kampuni hiyohiyo ndipo Kwolek aliingia mwaka 1946.

Alizaliwa tarehe 31 Julai 1923 katika mji mdogo wa New Kensington, jimbo la Pennsylvania, na wazazi wahamiaji kutoka Poland. Baba yake alipenda mimea na wanyama, akawa anatembea naye msituni wakiokota majani na mbegu, na mtoto anaandika kila walichookota kwenye daftari. Baba huyo alifariki Stephanie akiwa na miaka kumi. Mama ndiye aliyebaki na mzigo wa kulea. Kutoka kwa mama alirithi mapenzi ya nguo na ushonaji, na kwa muda alifikiria kuwa mbunifu wa mitindo. Mama alimwonya kwamba kwa jinsi anavyotaka kila kitu kiwe kamilifu, atakufa njaa. Wasomaji, liwekeni neno hilo akilini, maana tabia hiyo ndiyo itakayotuletea Kevlar.

Chuoni alisoma kemia, akamaliza mwaka 1946 katika chuo ambacho sasa ni sehemu ya Carnegie Mellon kule Pittsburgh. Lengo lake lilikuwa udaktari wa tiba. Tatizo ni karo. Akapanga afanye kazi miaka michache, akusanye pesa, kisha arudi kusomea udaktari. Nani kati yetu hajawahi kupanga hivyo?

Kwenye mahojiano ya kazi alikutana na Hale Charch, mwanakemia mwenye jina, mmoja wa watu waliofanya karatasi ya selofeni isipitishe unyevu. Charch akamwambia atapata jibu baada ya wiki mbili hivi. Kwolek akamjibu kwamba ana kampuni nyingine inayongoja uamuzi wake, je, hawezi kumjibu mapema? Charch akamwita katibu wake palepale na kumsomea barua ya kumwajiri, Kwolek akiwa ameketi mbele yake. Alikuwa na miaka 23. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na nafasi nyingi ambazo wanawake walipewa wakati wanaume wako vitani zilikuwa zinarudi mikononi mwa wanaume. Wenzake wengi wa kike waliondoka maabara. Yeye alibaki, kwanza Buffalo katika jimbo la New York, kisha kuanzia mwaka 1950 Wilmington, Delaware. Udaktari ukasahaulika. Kazi ya muda ikawa kazi ya miaka 40.

Alifanya nini miaka hiyo ya kwanza? Alitengeneza polima bila kuzichemsha. Naironi ya kawaida ilipikwa kwenye joto linalozidi nyuzi 200, lakini kuna molekuli zinazoharibika kabla ya kufika huko. Kwolek na wenzake walitafuta njia ya kuziunganisha kwenye joto la kawaida la chumba. Mwaka 1959 yeye na mkuu wake Paul Morgan walichapisha onyesho ambalo wanafunzi wa kemia hulifanya mpaka leo. Unamimina kimiminiko kimoja kwenye bilauri, unamimina cha pili juu yake polepole visichanganyike, na pale vinapogusana utando mwembamba unajitengeneza. Unaushika kwa koleo, unauvuta juu, nao unatoka kama kamba isiyokwisha. Kila unapouvuta, mwingine unazaliwa nyuma yake. Kamba hiyo ni naironi.

Sasa tufike mwaka 1964. Kampuni iliogopa kwamba siku moja petroli itaadimika, ikawaza hivi: gari likiwa jepesi litakunywa mafuta kidogo, na tairi likiwa na nyuzi nyepesi badala ya waya za chuma litapunguza uzito. Ilihitajika nyuzi nyepesi lakini ngumu sana. Kazi hiyo haikuwavutia wengi, Kwolek akaichukua.

Alichagua molekuli ngumu, zilizonyooka, ambazo ziligoma kuyeyuka kwa joto. Ilibidi atafute kiyeyushi cha kuzigeuza mmumunyo. Mmumunyo wa polima ukiwa sawa huwa mzito na wa kung'aa, kama asali nyembamba au sharubati. Aliopata siku hiyo ulikuwa tofauti kwa kila hali. Ulikuwa mwepesi kama maji. Ulikuwa na ukungu, kama maji yaliyochanganywa na maziwa mala. Ukiukoroga, unameremeta kwa namna ya ajabu.

Mwanakemia yeyote wa wakati ule angejua la kufanya: kosa limeingia, mwaga, osha chupa, anza upya. Ukungu maana yake uchafu, au chembe ambazo hazikuyeyuka. Kwolek hakumwaga. Aliuchuja mmumunyo wake ili aone kama ni chembe. Ukapita kwenye kichujio na bado ukabaki na ukungu. Kwa hiyo ukungu haukuwa takataka. Ulikuwa tabia ya kimiminiko chenyewe.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuusokota uwe uzi. Mashine ya kazi hiyo husukuma mmumunyo kupitia kichwa cha chuma chenye vitundu vidogo mno, mfano wa bomba la mvua la bafuni, kila tundu likitoa uzi mmoja. Fundi aliyeisimamia aliitwa Charles Smullen. Alitazama chupa, akakataa. Maji haya mepesi hayawezi kuwa uzi, alisema, na hizo chembe zitaziba vitundu vyangu. Tusimlaumu. Mashine ilikuwa jukumu lake, na kwa kila alichokijua alikuwa sahihi. Hata mimi mtu akiniletea faili la namna hiyo niliingize kwenye seva, jibu langu ni moja. Kwolek aliendelea kumbembeleza siku hata siku, mpaka akakubali. Mwenyewe alikuja kusema kwamba huenda Smullen alichoka naye au alimhurumia.

Mmumunyo ukapita. Vitundu havikuziba. Na uzi uliotoka haukukatika pale ambapo naironi ingekatika.

Hapa ndipo ninapompenda Kwolek zaidi. Alipeleka uzi ukapimwe, na namba zilizorudi zilikuwa kubwa mno. Ugumu wake ulizidi kwa mbali chochote alichowahi kutengeneza. Mimi ningekimbia kwa bosi siku hiyohiyo. Yeye alinyamaza. Alidhani labda kipimo kimekosewa, akarudisha uzi kupimwa tena, na tena. Namba ziliporudi zilezile ndipo alipofungua mdomo. Huo ulikuwa mwaka 1965.

Sasa kwa nini maji mepesi yenye ukungu yalitoa uzi mgumu hivyo? Fikiria naironi kama sufuria ya tambi zilizoiva. Minyororo yake ni laini, imejikunja na kusokotana, ndiyo maana mmumunyo wake ni mzito. Minyororo ya Kwolek ilikuwa kama vijiti vya kiberiti. Vijiti vichache vikielea kwenye maji vinaelekea kila upande. Ukiongeza vingi, havipati nafasi ya kutawanyika, vinalazimika kujipanga sambamba, kundi hapa na kundi pale. Vikishajipanga vinapishana kwa urahisi, kwa hiyo kimiminiko kinakuwa chepesi. Lakini kila kundi linaelekea upande wake na linapindisha mwanga kwa namna yake, ndiyo maana unaona ukungu. Hali hiyo huitwa fuwele kimiminiko. Paul Flory, ambaye ujana wake alifanya kazi na Carothers, alikuwa ameonyesha kwa hesabu mwaka 1956 kwamba molekuli zilizonyooka zinapaswa kufanya hivyo. Kwolek aliiona ikitokea ndani ya chupa yake.

Kimiminiko hicho kikipita kwenye kitundu chembamba, makundi yote yanageuka kuelekea upande mmoja, kama magogo yanayoingia kwenye mkondo mwembamba wa mto. Uzi ukikauka, molekuli zinabaki zimenyooka kufuata urefu wa uzi, na kila moja imeshikana na jirani yake kwa vifungo vidogo vya haidrojeni. Kifungo kimoja ni dhaifu. Mamilioni yake kwa pamoja si mchezo. Ukivuta uzi huo, hukunjui tambi. Unavuta mnyororo wenyewe.

Haikuwa kazi ya mtu mmoja mpaka mwisho, na yeye mwenyewe hakudai hivyo. Polima ya kwanza ilikuwa ghali, ikatafutwa ndugu yake iliyofaa zaidi kiwandani. Herbert Blades aligundua jinsi ya kuisokota kutoka kwenye asidi ya salfa, na nguvu ikaongezeka. Bidhaa ilianza kuuzwa mwaka 1971 kwa jina la Kevlar. Ukilinganisha uzito kwa uzito, ina nguvu mara 5 ya chuma. Haiyeyuki kwa joto. Ina udhaifu pia, maana jua kali huidhoofisha polepole, na ukiigandamiza badala ya kuivuta haionyeshi maajabu yaleyale.

Iliingia kwenye matairi kama ilivyopangwa. Lakini matumizi yaliyoipa jina hayakuwa kwenye mpango wowote. Lester Shubin, mtafiti wa serikali ya Marekani, alisikia habari za uzi huu wa matairi akajiuliza kama kitambaa chake kinaweza kuzuia risasi ya bastola. Mwezi Desemba 1975 afisa wa polisi huko Seattle alipigwa risasi akiwa amevaa fulana mojawapo ya majaribio, akanusurika. Tangu hapo maelfu ya watu wamerudi nyumbani wakiwa hai kwa sababu ya chupa ambayo ilistahili kumwagwa. Baadhi yao walimtafuta Kwolek wamwone na kumshukuru.

Na je, alitajirika? Hapana. Hataza ya mwaka 1972 ina jina lake kama mvumbuzi, lakini haki zote zilikuwa za kampuni, kama mkataba wake wa kazi ulivyotaka. Mauzo ya Kevlar yaliingia kwenye hesabu za mwajiri. Cheo nacho kilichelewa, maana alikaa miaka mingi bila kupandishwa. Alistaafu mwaka 1986. Heshima kubwa zilikuja baadaye. Mwaka 1995 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Taifa wa Wavumbuzi wa Marekani, mwanamke wa nne tu kupata nafasi hiyo, na mwaka 1996 alipewa Nishani ya Taifa ya Teknolojia. Alifariki tarehe 18 Juni 2014, akiwa na miaka 90.

Nasikia mtu akisema, basi alidhulumiwa. Sijui kama yeye angekubali neno hilo. Alilipwa mshahara, alipewa maabara, na alisema mara nyingi kwamba aliipenda kazi. Lakini sisi tunaoandika programu kwa mshahara tusome mikataba yetu kabla ya kuweka sahihi. Kile kifungu kinachosema kila utakachobuni ni mali ya mwajiri hakiko pale kwa mapambo.

Nimalizie na lililonifanya niandike haya yote. Katika kazi yangu ya pili tulikuwa na jaribio moja la programu ambalo lilifeli usiku tu, tena mara chache. Kila mara nililiendesha upya asubuhi likapita. Nikasema mashine imechoka, nikaliondoa kwenye orodha. Wiki kadhaa baadaye mfanyabiashara mmoja alilalamika kwamba hesabu zake za siku hazilingani. Kumbe mauzo yaliyofanywa kati ya saa sita na saa tisa usiku yalikuwa yanaandikwa kwenye siku iliyotangulia, kwa sababu seva ilifuata saa ya dunia na Kenya iko saa tatu mbele. Jaribio lilikuwa limenieleza ukweli mtupu. Nililiita takataka kwa sababu halikufanana na nilichozoea.

Wengi husema Kwolek alibahatika. Mimi sikubali. Bahati ilimpa chupa yenye ukungu, na huenda wengine walishapewa chupa kama hiyo wakaimwaga kwenye sinki. Yeye alikuwa na miaka karibu 20 ya kutazama mimumunyo ya kawaida, kwa hiyo alijua kwa macho kwamba huu haukuwa wa kawaida iliyoharibika. Kisha alikuwa mkaidi vya kutosha kumshinda Smullen, na mwenye shaka vya kutosha kutoyaamini matokeo yake mwenyewe mpaka yamejirudia. Wengi wetu tuna moja kati ya hayo mawili. Wakaidi tunatangaza ushindi mapema, na wenye shaka tunamwaga chupa.

Kwa hiyo kesho ukiona namba isiyoeleweka kwenye kumbukumbu za mfumo wako, usiifute kwanza. Ichuje. Ikibaki na ukungu, ipitishe kwenye mashine hata kama mwenye mashine ananung'unika. Na ikikuletea habari njema, ipime tena kabla ya kumwambia bosi.

Haya, tukutane wiki ijayo, turudi kwenye programu zetu.